Kabla hujapasua kidole, omba kilemba kifunguliwe

Watarajali wangu, wiki hii nimekuta mafaili matatu ya vidole vilivyovimba, na yote yanasema neno moja: selulaitisi (maambukizi ya bakteria chini ya ngozi), kloksasilini (antibiotiki), arudi baada ya siku tano. Hakuna aliyeandika kucha. Hakuna aliyeandika ngozi. Nawapenda, lakini kwa hili tutakosana.

1. Kidole kilichovimba chote kama soseji, shina hadi ncha, ni daktilitisi hadi mnithibitishie vingine. Ala ya kano, viungo na nyama vimewaka kwa pamoja. Kwenye vigezo vya CASPAR vya 2006, vya kutambua ugonjwa wa viungo unaoandamana na soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa magamba), daktilitisi ina alama moja, kucha zenye vishimo moja, soriasisi iliyopo sasa mbili, tatu zinatosha. Ila mwenye homa, kidole kimejikunja, na ukikinyoosha anapiga kelele, huyo ni wa upasuaji leo hii. Msinisubiri.

2. Kagueni ngozi yote. Hapa nina deni. Miaka yangu ya mwanzo alikuja mama mkulima wa zabibu kutoka upande wa Hombolo, msimu wa kupogoa. Kidole cha kati, mkono wa kulia. Nikamwuliza kama alichomwa na kijiti. Akasema, mwanangu, shambani nani hachomwi? Likanitosha. Vidonge siku tano, kimya. Siku tano nyingine. Wiki ya tatu nikakipasua. Hakikutoka usaha, hata tone. Nikaongeza mkato, nikiamini usaha uko chini zaidi. Alirudi baada ya miezi, kidole kigumu hakikunjiki, na cha mguuni nacho kimevimba. Muuguzi wa zamu ndiye aliyemwomba, kwa upole, afungue kilemba. Nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele kulikuwa na magamba mazito. Kwenye ngozi zetu chini yake si pekundu kama kwenye picha za vitabuni, ni zambarau au kijivu. Aliyaficha kwa aibu, akidhani ni mba. Na kucha! Zimejaa vishimo, zimeachana na nyama. Nilikuwa nimeshika mkono ule mara nne. Mkasi wa kupogoa hakuushika tena kwa mkono huo.

3. Pimeni VVU, homa ya ini B, ini, figo, na picha ya kifua, kabla ya dawa yoyote ya kushusha kinga. Asidi ya yuriki ikipanda msikimbilie jongo. Hata soriasisi huipandisha.

4. Diklofenaki kama figo na tumbo vinaruhusu. Kidole kimoja sugu, sindano ya steroidi, mkono wa mzoefu. Predinisoloni ya vidonge msigawe ovyo: ikikatwa, soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima.

5. Methotreksati, dawa ya kushusha kinga, ni mara moja kwa WIKI. Andikeni jina la siku kwenye cheti, mwambieni mgonjwa alirudie kwa mdomo wake. Asidi ya foliki siku nyingine. Ulizeni mimba, ulizeni pombe, ya mtama ikiwemo.

Yule mzee wa Chamwino, kitanda cha saba, kalazwa tangu juzi na kofia yake kichwani. Mwamkieni, mwombeni ruhusa, mkague. Nitapita raundi saa mbili.