Maswali ya Wasomaji: Maabara ya Kompyuta Inapogeuzwa Chumba cha Amali

Toleo lililopita lilikuwa na habari fupi kuhusu shule zinazoondoa kompyuta za mezani katika maabara zake na kuvitumia vyumba hivyo kwa mafunzo ya amali, kama vile usanifu wa majengo, utengenezaji wa video, huduma za afya na elektroniki. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, hivyo tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Shule yangu ina maabara ya kompyuta za mezani ambayo, tangu kila mwanafunzi apewe kompyuta mpakato, hushinda imefungwa. Bodi inanitaka nikigeuze chumba hicho kuwa mahali pa mafunzo ya ufundi kabla ya mwaka mpya wa masomo. Je, nikubali? (Mkuu wa shule)

JIBU: Mwalimu Mkuu, huenda bodi yako ina hoja, ila mlango uliofungwa ni ushahidi mdogo mno wa kuamulia jambo hili. Maabara ya kompyuta ilizaliwa na uhaba. Kompyuta ndogo za mwanzo zilizoingia shuleni kwa wingi, kama Apple II ya mwaka 1977 na BBC Micro ya mwaka 1981, zilikuwa ghali na zilihitaji nyaya na ulinzi, na kwa kuwa shule haikuweza kuweka moja kwenye kila dawati, zilikusanywa katika chumba kimoja na madarasa yakapangiwa zamu. Vishikwambi na kompyuta mpakato za bei nafuu zilipoenea baada ya mwaka 2010, na hasa masomo yalipohamia mtandaoni wakati wa janga la korona mwaka 2020, uhaba huo ulipungua sana pale ambapo kila mwanafunzi alipata kifaa chake. Pale ambapo hakupata, sababu ya kuwa na maabara bado ipo, na kuivunja ni kumnyima mtoto asiye na kompyuta nyumbani nafasi pekee aliyo nayo.

Kwa hiyo chukua ratiba ya muhula mzima, ukae na kila mwalimu, umwulize ni kazi gani hufanyika katika chumba hicho na haiwezi kufanyika kwingine. Usishangae ukikuta kazi chache, lakini nzito: uchoraji wa ramani za majengo, uhariri wa video, mitihani inayohitaji mashine zinazosimamiwa kwa pamoja. Picha ya video ya ubora wa 4K ina nukta mara nne ya zile za ubora wa chini yake wa 1080p, na kompyuta nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvinjari intaneti hulemewa mapema. Hapa ndipo mipango mingi inapojipinga yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya amali zinazopendekezwa zinahitaji kompyuta zenye nguvu kuliko zile zinazoondolewa, na shule iliyouza mashine zake zote kwa haraka hujikuta ikinunua nyingine kabla ya rangi ya ukutani kukauka.

Niongeze pia kwamba Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, jambo linaloweza kuwa ndilo lililoishtua bodi yako. Hiyo ni sababu nzuri ya kubadili mashine, au kuziwekea Linux, mfumo endeshi wa bure ambao huendeshwa bila shida kwenye nyingi kati ya hizo. Mtaala ni suala jingine, nalo liamuliwe kwa sababu zake.

SWALI: Mimi nafundisha TEHAMA. Nimeambiwa kwamba watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, kwa hiyo maabara yangu haina kazi tena. Nijibu nini? (Mwalimu)

JIBU: Wajibu kwa matokeo ya ICILS, utafiti wa kimataifa unaopima uwezo wa wanafunzi wa mwaka wa nane wa masomo katika kutumia kompyuta kutafuta, kupima na kuwasilisha habari. Katika duru ya mwaka 2018 ni asilimia 2 tu ya wanafunzi waliofika ngazi ya juu kabisa, na watafiti wenyewe walisisitiza kwamba kumpa mtoto kifaa hakumfanyi ajue kukitumia kwa kazi ya maana. Mtoto anayetelezesha kidole kwenye kioo kwa wepesi wa ajabu anaweza kabisa asijue faili lake limehifadhiwa wapi, jinsi ya kuandika fomula katika jedwali la hesabu, au namna ya kutambua kwamba ukurasa anaousoma umeandikwa na mtu anayetaka kumuuzia kitu.

Hata hivyo, mwalimu, utetee somo kuliko chumba. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka 1967, alilalamika kwamba shule ziliifungia kompyuta katika chumba chake na kuipa somo lake, badala ya kuiachia ibadilishe namna hesabu na masomo mengine yanavyofundishwa. Ikiwa vipindi vyako vitabaki kwenye ratiba, na wanafunzi wako wana vifaa, unaweza kufundisha katika darasa la kawaida, na hata ndani ya hicho chumba kipya cha amali, ambapo jedwali la hesabu litakuwa na vipimo halisi vya kujazwa. Ila ukiona chumba kinaondoka pamoja na vipindi, pinga kwa nguvu zako zote, tena kwa maandishi.

SWALI: Binti yangu hufaulu vizuri. Naogopa kwamba chumba hiki kipya ni njia ya kuwaelekeza watoto wa watu wa kawaida kwenye kazi za mikono na kuwaachia wengine vyuo vikuu. Je, nina sababu ya kuogopa? (Mzazi)

JIBU: Ndugu mzazi, hofu yako ina historia nyuma yake. Nchini Marekani, sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 iliyatengea mafunzo ya ufundi fedha na utaratibu wake, na utengano huo ukasaidia kujenga shule zenye milango miwili chini ya paa moja, ambapo mtoto aliyeingia mlango wa ufundi alipata shida kuurudia ule mwingine. Mambo yanaweza kwenda tofauti: Ujerumani, ambako sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1969 inasimamia utaratibu wa mwanagenzi kugawa wiki yake kati ya mahali pa kazi na shule ya ufundi, ufundi una heshima na cheti chake kinatambuliwa nchi nzima, ingawa hata huko wapo wanaolalamika kwamba watoto hugawanywa wakiwa wadogo mno.

Nenda kwa mkuu wa shule umwulize kama mwanafunzi wa amali ataendelea kusoma hisabati na sayansi kwa kiwango kilekile, kama cheti atakachopata kitatambuliwa nje ya geti la shule, na nani atachagua kuingia, mtoto mwenyewe au alama zake. Angalia pia orodha ya majina baada ya muhula wa kwanza. Ukikuta wasichana wote wamejazana katika huduma za afya na wavulana wote katika elektroniki, ujue kuna mtu aliyewachagulia.

SWALI: Nipo kwenye kamati ya majengo. Tumeambiwa kwamba kazi ni kutoa meza na kuingiza mashine. Je, ni rahisi hivyo? (Mjumbe wa kamati)

JIBU: Si rahisi hivyo, na mimi ningependa barua yako isomwe kwanza na kila bodi. Kompyuta ya mezani pamoja na kiwambo chake hutumia kwa kawaida kati ya wati 100 na 200, na mzigo huo umegawanywa kwenye soketi nyingi ukutani. Mashine moja ya kuchomelea yaweza kuvuta kilowati kadhaa kwa mkupuo, na baadhi ya mashine za karakana zinataka umeme wa fezi tatu, ambao chumba cha kompyuta mara nyingi hakina. Tena maabara nyingi zilijengwa ghorofani kwa ajili ya usalama, wakati mashine nzito zinataka sakafu ya chini, mlango mpana na mahali pa kushushia mbao au vyuma.

Hewa nayo ni suala zito. Vumbi la mbao huingia kwenye feni za kompyuta na kwenye mapafu ya watoto, hivyo useremala na kompyuta visikae chumba kimoja bila kizuizi. Printa za 3D huyeyusha plastiki kwenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi na zaidi na kutoa chembechembe ndogo sana, kwa hiyo zinahitaji chumba chenye mzunguko mzuri wa hewa. Mashine ya kukata kwa leza lazima iwe na bomba la kutolea moshi nje, na plastiki ya PVC isiingizwe humo hata siku moja, kwa sababu hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kuitia kutu mashine yenyewe.

Ushauri wangu ni kwamba chumba kiwachagulie amali. Usanifu kwa kompyuta, utengenezaji wa video, mitandao, elektroniki nyepesi na mafunzo ya huduma za wagonjwa hukaa vizuri katika chumba kilichokuwa maabara, maana nyaya, viyoyozi na meza vipo tayari. Uchomeleaji na useremala vijengewe banda lake. Na kabla ya kusaini chochote, bajeti ionyeshe vifaa vinavyotumika na kuisha, miwani ya kinga, matengenezo, na mshahara wa mwalimu aliyewahi kuifanya kazi anayoifundisha. Fungu hilo la mwisho likikosekana, ahirisheni mpango mzima.

SWALI: Klabu yetu inaomba ipewe kompyuta za zamani tujifunze kuzitengeneza. Tatizo liko wapi? (Mwanafunzi)

JIBU: Tatizo ni dogo, na ningefurahi mkipewa, kwani kufungua mashine ni darasa zuri la ufundi. Msifungue kisanduku cha ugavi wa umeme, kwa sababu kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, zaweza kushika chaji ya hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Vilevile muiombe shule isafishe diski kwanza kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu, au iziondoe kabisa, kwa kuwa faili lililofutwa kwa njia ya kawaida laweza kurudishwa, na katika diski hizo huenda zimo alama na taarifa za wanafunzi wenzenu.