Kalori za Mazoezi: Je, Nizirudishe kwa Kula?

SWALI

Ndugu Mshauri, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 34, kimo changu ni sentimita 163, na nilipoanza kupunguza uzito miezi miwili iliyopita nilikuwa na kilo 80. Kazi yangu ni ya kukaa mezani, lakini siku tano kwa wiki ninatembea kwa mwendo wa kasi kwa saa nzima. Programu ya simu ilinipangia kalori 1,800 kwa siku. Kila nikirudi matembezini, saa yangu ya mkononi huonyesha kuwa nimechoma kalori 430 hivi, nayo programu huziongeza kwenye hesabu ya siku hiyo kuwa ni haki yangu kuzila, nami nimekuwa nikizila zote. Mwenzangu wa mazoezi anasema nisipozila mwili utaogopa njaa na kugoma kupungua. Mdogo wangu anasema kuzila ni kuitupa kazi yote niliyoifanya. Hadi leo nimepungua kilo moja tu. Nimsikilize nani?

JIBU

Dada yangu, ahsante kwa kutuandikia, na hasa kwa kutupatia tarakimu zako, kwa sababu jibu limo ndani yake. Kabla ya kuuliza kama kalori za mazoezi ziliwe au zisiliwe, inafaa kwanza kuuliza kama hazijaliwa tayari. Kwa upande wako, naamini zilikwisha kuingizwa katika chakula chako hata kabla hujavaa viatu vya kutembelea.

Tazama jinsi 1,800 inavyopatikana. Programu za aina hiyo hukadiria kwanza nishati ambayo mwili huitumia ukiwa umepumzika, na kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo kwa mwanamke wa umri, kimo na uzito wako hutoa kalori zipatazo 1,490 kwa siku. Kiasi hicho huzidishwa kwa namba inayowakilisha shughuli za mtu: 1.2 kwa asiyefanya mazoezi, 1.375 kwa mwenye mazoezi mepesi, 1.55 kwa mwenye mazoezi ya wastani. Ukizidisha 1,490 kwa 1.55 unapata 2,300 na ushei; ukitoa 500 ili uzito upungue, unabaki na 1,800 yako. Yaelekea basi kwamba siku ulipojisajili ulieleza kuwa unafanya mazoezi ya wastani, na matembezi yako yakahesabiwa papo hapo. Saa inapoyaleta tena, unalipwa mara ya pili kwa kazi ile ile.

Malipo hayo ya pili si madogo. Kalori 430 kwa siku tano, kwa wiki nane, ni 17,200, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Hizo ni zaidi ya kilo mbili ambazo hukuziona kwenye mizani, ingawa ulizitolea jasho kwa uaminifu.

Lipo pia suala la saa yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017: mapigo ya moyo yalisomwa vizuri na karibu vifaa vyote, lakini kwa upande wa nishati hata kifaa kilichofanya vizuri kuliko vingine kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Isitoshe, tarakimu inayoonyeshwa mara nyingi huchanganya na kalori ambazo ungezitumia hata kama saa hiyo ungeimaliza umeketi kitini. Kwa mtu wa kilo 80, saa moja ya mwendo wa kasi huongeza kwa kweli kalori kati ya 200 na 260, yaani karibu nusu ya ulichoonyeshwa. Hata hizo hazibaki zote: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Current Biology, ukihusu watu wazima zaidi ya 1,700, ulionyesha kwamba, kwa wastani, takriban asilimia 28 ya nishati ya ziada tunayoitumia katika shughuli hufidiwa na mwili kwa kubana matumizi yake mengine.

Mwenzako wa mazoezi ana chembe ya ukweli, kwa kuwa mwili unaokula kidogo hupunguza kweli matumizi yake. Lakini kupunguza si kugoma. Katika jaribio la njaa la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, lililoongozwa na Ancel Keys, wanaume 36 walipewa chakula kidogo kwa miezi sita, na matumizi ya nishati ya miili yao yakashuka sana, lakini walipoteza takriban robo ya uzito wao. Waliteseka mno, na silitaji jaribio hilo kama mfano wa kuigwa. Ninalitaja kwa sababu hofu ya mwili kugoma imewafanya watu wengi wale wakati hawana hata njaa.

Mdogo wako naye asichukuliwe kuwa amesema yote. Lau ungejaza kwamba hufanyi mazoezi kabisa, programu ingekupa kalori zisizofika 1,300, na hapo ningekuhimiza urudishe sehemu ya kalori za matembezi, walau nusu. Vilevile, mtu anayejiandaa kwa mbio ndefu, au anayefanya mazoezi mazito kwa zaidi ya saa moja na nusu kwa siku, ni lazima ale kwa ajili ya kazi hiyo. Mwanamke asiyefanya hivyo anaweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofika. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari anayetumia insulini, na yeyote aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula, asifuate hesabu za ukurasa huu bila kumwona daktari.

Sasa nikueleze ningefanya nini mahali pako. Ningekata kiungo kati ya saa na programu ili kalori za mazoezi zisijiongeze zenyewe. Kisha ningebadilisha kiwango cha shughuli kiwe chepesi, kwa kuwa tofauti kati ya 1.2 na 1.55 kwako ni kalori 520 kila siku, ilhali matembezi yako, yakigawanywa kwa siku saba, hayafiki 190. Kwa 1.375 utapata 1,550 hivi, na hicho ndicho kiwe kiasi chako cha kila siku, utembee usitembee. Siku utakayorudi na njaa ya kweli, ile ya tumbo kuuma na mikono kutetemeka, ongeza kalori 100 au 150 bila kujilaumu. Usishuke chini ya 1,200 pasipo usimamizi wa mtaalamu.

Jambo moja la jikoni: usimimine mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kijiko kikubwa kimoja, gramu zipatazo 14, kina kalori karibu 120, na mkono ukizidisha viwili bila kupima, faida ya saa nzima ya kutembea imekwisha sufuriani.

Jipime kila asubuhi kabla ya kunywa chochote, utafute wastani wa wiki, na ulinganishe wastani wa wiki ya kwanza na ule wa wiki ya tano, kwa sababu maji yanayokaa mwilini karibu na hedhi yanaweza kuficha upungufu wa kweli. Ukiona umepungua kati ya kilo moja na nusu na mbili, usibadilishe kitu. Ukipungua zaidi ya kilo moja kila wiki, ongeza kalori 200 kwa siku. Na mizani ikikataa kabisa kusogea, rudia kwanza kupima vijiko na vipakulio kwa siku saba kabla ya kupunguza chakula, kisha utuandikie tena ukiwa na tarakimu hizo mkononi.