Leo Jumanne, Basi Hapa ni Ubelgiji

Swali la wiki hii: "Ni filamu gani ya vichekesho iliyokufanya uitazame kazi yako kwa jicho jingine?"

Yangu ni ya Marekani, ya mwaka 1969: If It's Tuesday, This Must Be Belgium, iliyoongozwa na Mel Stuart. Kisa kiko kwenye jina lenyewe: kama leo ni Jumanne, basi hapa ni Ubelgiji. Wamarekani wanapakiwa kwenye basi moja, nchi 9 kwa siku 18, na anayewaongoza ni kijana wa Kiingereza, Charlie, aliyeigizwa na Ian McShane. Mimi ni dereva na muongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Macho yangu yote yalikuwa kwa Charlie.

Nilicheka sana mama mmoja alipojikuta ndani ya basi la watalii wa Kijapani. Hayo hutokea kweli! Pale langoni magari yetu yanafanana kama mapacha.

Lakini iko sehemu ilininyamazisha. Mzee aliyepigana Vita Kuu ya Pili amefika Ubelgiji, anasimulia mapigano ya Desemba 1944 kwa mikono na mwili mzima. Karibu yake Mjerumani wa rika lake anasimulia mapigano yaleyale, ila yeye alikuwa upande wa pili. Ratiba iliwapa muda mfupi tu pale, na mzee yule alikuwa amepabeba moyoni miaka 25.

Wenzangu husema wageni wa safari fupi wanafuata picha tu. Sikubali. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Kwetu Tanzania sheria inampa mfanyakazi siku 28. Mtu mwenye siku chache atafanyaje kama si kukimbia?

Mwaka jana nilimbeba mama mtu mzima kutoka Ohio: Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, siku 4. Kila jioni, kabla hajashuka, alitoa daftari dogo lililofungwa kwa mpira na kuniuliza, "Leo tulikuwa wapi?" Nilimtajia herufi moja moja. Akaandika siku, mahali, na mnyama mmoja aliyempenda kuliko wote. Siku ya Ngorongoro hakuandika simba wala faru. Aliandika ngiri na watoto wake wanne, mikia juu.

Siku hizi tukifika mahali nazima injini kwanza, ndipo nataja jina lake, polepole.