Normandy kwenye mvua: usiahirishe, badili mpangilio

Umeuliza kama uahirishe siku zako 2 za kuzuru fukwe za Normandy kwa sababu ya mvua na upepo. Nenda. Uvamizi wenyewe, yaani majeshi ya Washirika kutua kwenye fukwe hizo za Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, ulisogezwa kutoka tarehe 5 hadi 6 Juni 1944 kwa sababu ya hali ya hewa, kwa hiyo bahari iliyochafuka itakueleza mengi.

Lala Bayeux, mji ulio karibu na fukwe hizo. Panga siku kwa saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kutazama utabiri wa mvua: mabaki ya bandari ya muda ya Arromanches huonekana vizuri maji yakipwa, na ufukwe wa Omaha ni tambarare, maji hurudi upesi, hasa siku za bamvua. Yakijaa, ingia makumbusho.

Pointe du Hoc, rasi yenye genge juu ya bahari, ndipo pa kuangalia mguu. Genge lina mita 30 hivi, na kingo za mashimo ya mabomu huteleza zikilowa. Vaa buti zenye soli ya meno, usitoke njiani. Mwamvuli utapinduka, chukua koti lenye kofia, suruali ya mvua na soksi za akiba.

Mvua ikipungua, nenda Colleville, walikozikwa wanajeshi wa Marekani. Makaburi ni zaidi ya 9,300. Tafadhali usiyapite mbio.