Apandisite huwapata vijana zaidi, lakini msiwasahau wengine

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Wazazi huniuliza mara nyingi: "Mwalimu, hii apandisite imetoka wapi siku hizi? Mbona watoto wanapasuliwa hivi?"

Ugonjwa wenyewe ni kuvimba kwa kidole tumbo, kijifuko chembamba kilichoshikamana na utumbo mpana, na si mgeni. Mwaka 1735, huko London, Claudius Amyand alimtoa mvulana wa miaka 11 kidole tumbo kilichotoboka. Ulaya na Marekani, watu kama 7 au 8 kati ya 100 huugua apandisite wakati fulani maishani. Kwetu Afrika wameripotiwa wachache zaidi. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliona sababu ni chakula chetu chenye nyuzinyuzi nyingi. Huenda kuna ukweli ndani yake, ila kwa mtoto aliyejikunja kitandani usiku huu hoja hiyo haisaidii kitu. Mdogo wangu alikulia kwa bugali, sombe na maharagi, na apandisite ikampata akiwa na miaka 16.

Umri wake ndio wenyewe. Wagonjwa wengi wako kati ya miaka 10 na 30, na wavulana huwazidi wasichana kidogo. Kwa hiyo shuleni tunawaona kuliko mahali pengine. Mbegu za mapera zinasingiziwa bure. Mara nyingi kinachoziba kidole tumbo ni kinyesi kilichokauka, au tezi zilizovimba ndani yake.

Kwa mdogo wangu maumivu yalianza jioni, karibu na kitovu, hata hayakuwa makali. Nyumbani wakasema malaria, wengine wakasema amiba. Mimi nilishtuka alipoikataa sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, maana huyo hakatai sambaza. Akatapika. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia. Mwendo huo, kutoka kitovuni kwenda chini kulia, pamoja na kukosa hamu ya kula, ushikeni kichwani. Si wote wanaoupitia, lakini ukiuona usingoje.

Jirani mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, alileta majani ya lavema, yaani dawa ya kuingizwa kwa nyuma ili kusafisha tumbo. Mama akakataa, na namshukuru mpaka leo. Jamani, mtu mwenye maumivu ya tumbo ambayo hamjui chanzo chake, msimpe lavema, wala dawa ya kuharisha. Kidole tumbo kilichoziba kimejaa usaha na kimevimba. Mkiyachokoza matumbo kinaweza kupasuka. Msimlishe pia, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji siku hiyohiyo.

Tulimpandisha kwenye moto, yaani pikipiki, na kila shimo la barabara lilimfanya anikamate bega. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2012 madaktari wa Uingereza waliwauliza wagonjwa kama maumivu yalizidi gari lilipopita juu ya matuta: kati ya 34 waliothibitishwa kuwa na apandisite, 33 walisema ndiyo. Magonjwa mengine ya tumbo hufanya hivyo pia, kwa hiyo hilo peke yake halithibitishi. Lakini barabara zetu mnazijua. Mgonjwa akilia kwenye kila shimo, mwambieni daktari.

Kuna jambo moja linaloniogopesha kuliko yote. Kidole tumbo kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua kwa muda. Familia inafurahi, mtoto amelala, safari ya hospitali inaahirishwa. Saa chache baadaye tumbo zima ni gumu, homa imepanda, na usaha umesambaa ndani. Nafuu ya ghafla baada ya maumivu makali, bila matibabu yoyote, ni sababu ya kukimbia hospitali.

Sasa wale wasiofikiriwa. Mtoto chini ya miaka mitano hupatwa mara chache, ila hajui kueleza panapouma, na wengi hufikishwa kidole tumbo kimeshapasuka. Mzee anaweza kuwa na homa ndogo tu na maumivu ya chinichini. Mama mjamzito, tumbo la uzazi likikua husukuma kidole tumbo juu, hivyo maumivu yanaweza kuwa juu zaidi, na nyumbani watasema "ni mimba tu". Mwacheni daktari ndiye aseme hivyo.

Kwa msichana, maumivu ya chini kulia yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya tumbo la uzazi, nayo inaua haraka. Kwa hiyo kipimo cha mimba si tusi kwa familia. Baba na kaka, tokeni kidogo chumbani, aongee na daktari peke yake. Nimewaona wasichana wakinyamaza kwa sababu ya nani aliyesimama mlangoni.

Habari ya pesa naijua: familia nyingi huchelewa zikitafuta za kuanzia. Kama mna mituweli ya afya, ile bima ya kuchangiana, kadi ikae mahali kila mtu nyumbani anapajua. Kama hamna, ombeni likelemba lenu, yaani kikundi chenu cha kuchangiana pesa, liwe na fungu la ugonjwa wa ghafla. Na mkifika, mwambieni daktari maumivu yalianza saa ngapi na wapi, yamehamia wapi, mgonjwa amekula nini mara ya mwisho na saa ngapi, na dawa zote alizopewa nyumbani, za majani zikiwemo.