Kupika pombe nyumbani: maswali ya wanaoanza

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu ambao hawajawahi kupika pombe na wanataka kuanza. Nimeyapokea kwa moyo mkunjufu, maana ujuzi huu uko mikononi mwa mama zetu na bibi zetu, na wengi wao wanaondoka bila kumwachia mtu. Ninayoyajibu hapa ni ya pombe ya kuchachusha tu, ya nafaka na ya ndizi. Gongo na chang'aa simfundishi mtu, na sababu yake nitaieleza.

Shikamoo mama. Nina jiko la gesi, sufuria moja kubwa na ndoo. Nianze na pombe gani? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Anza na pombe ya mahindi na ulezi, lita tano basi. Ikiharibika hukupoteza kitu kikubwa, na ikikubali utaweza kuirudia wiki inayofuata mkono ukiwa bado unakumbuka.

Tafuta unga wa mahindi gramu 700, kimea cha ulezi (ulezi ulioota ukakaushwa) kilichosagwa gramu 300, na maji lita 5. Pika uji wa mahindi mpaka uive kabisa, kisha epua na uuache upoe. Hapo kwenye kupoa ndipo pombe inapopatikana au kukosekana. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na kazi yao wanaifanya vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hadi 68. Ukikitia wakati uji unatokota, vimeng'enya vinakufa na wewe utabaki na uji wako. Ukichelewa mpaka uji ukawa vuguvugu, kazi inakwenda kwa kusuasua na bakteria wanatangulia. Kwa hiyo nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote. Uji ukifika nyuzi 65, tia kimea, koroga, funika, na uiviringishe sufuria kwa blanketi kwa saa moja. Ukifunua utakuta uji umelegea na umekuwa mtamu bila hata punje ya sukari. Aliyewahi kutengeneza togwa anaifahamu hatua hii.

Sasa chemsha tena kwa dakika 15, maana kimea huja na vijidudu vyake. Ikalishe sufuria kwenye beseni la maji baridi ipoe upesi, chuja, mimina kwenye ndoo safi. Joto likishuka chini ya nyuzi 30, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu ya mkate. Mfuniko uuweke bila kuukaza, kwa sababu hewa ya ukaa lazima ipate pa kutokea. Kesho yake utaona povu, na siku ya pili au ya tatu pombe inanyweka.

Wapishi wengi wa vijijini hawachemshi mara ya pili. Wanaacha bakteria wa asidi ya maziwa wafanye kazi pamoja na hamira, ndiyo maana pombe yao ina ule ukali wa kupendeza. Hiyo ni ladha yenye heshima yake na mimi ninaipenda. Lakini inadai mpishi anayejua kwa pua kwamba ukali huu ni wa pombe na ule ni wa kuoza, na pua hiyo huipati kwa sufuria ya kwanza.

Kimea nioteshe mwenyewe? Na mtama unafaa? (Msomaji, Dodoma)

Otesha, si kazi ngumu. Loweka ulezi usiku kucha, badilisha maji walau mara moja, chuja, utandaze kwenye gunia lenye unyevu na uufunike. Unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hadi nne vijimizizi vitakuwa vimetoka. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo usage.

Mtama unafaa pia, ila una sharti lake. Chipukizi la mtama lina dhurini, kemikali inayozaa sianidi, ambayo ni sumu kali. Kimea cha mtama kikishakauka, kisugue kwa viganja vizizi na machipukizi yatoke yote, upepete, na pombe yake uipike vizuri. Yale machipukizi usiwape mbuzi.

La muhimu kupita yote ni kuvu. Nafaka iliyoota ukungu, iwe kabla ya kuloweka au juu ya gunia, itupe. Watu husema moto utaua kila kitu. Moto unaua kuvu lenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutolewa haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Na Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulisema kuna aliyetia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye *Burkholderia gladioli*, na njia yake ilikuwa unga wa mahindi ulioharibika. Mama aliyepika pombe ile alikufa naye. Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu unga ulioharibika ndio mara nyingi unaotengwa "uwe wa pombe", eti hautaonekana. Unga usioufaa ugali usiupikie mtu pombe.

Mimi ni mtu wa Rombo, naishi Dar. Mbege ninayopika hapa inachachuka kupita kiasi siku ya pili tu. Kwa nini? (Msomaji, Mbezi)

Joto, ndugu yangu. Mbege ilizaliwa mlimani, kwenye nyumba zenye ubaridi. Ndizi mbivu zinamenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi iwe nyekundu ya udongo, zinaachwa zichachuke kwa siku kadhaa, zinachujwa, ndipo maji yake yanachanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliopoa. Siku zote hizo za kusubiri zimepimwa kwa hali ya hewa ya kwenu. Chumba cha Dar kikiwa na nyuzi 31, bakteria wanaotengeneza asidi wanakwenda mbio, na siku zile zile zinakuwa nyingi mno.

Punguza siku za ndizi, na uionje kila asubuhi. Ndoo iweke ndani ya beseni la maji, uizungushie kitambaa kibichi ambacho ncha zake zinagusa maji, karibu na dirisha lenye upepo. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto, na ndoo inapoa nyuzi kadhaa. Pika usiku, si mchana.

Kuhusu msesewe, lile gamba la mti linaloipa mbege uchungu wake: usilichume kwenye mti usioujua, na usizidishe kipimo ulichoachiwa na wazee wako. Mti huo ni wa jamii ya *Rauvolfia*, jamii yenye kemikali zinazoweza kushusha shinikizo la damu. Mjamzito na mwenye dawa za presha wakae mbali nao. (Na pombe yenyewe, mjamzito asinywe.)

Tuna pipa la chuma la lita 200 tulilolinunua kwa bei rahisi. Linafaa kupikia? (Kikundi cha akina mama, Kahama)

Hapana, mama zangu. Pombe ina asidi, na asidi inakula chuma. Kusini mwa Afrika madaktari waliwakuta watu wengi wenye maini yaliyojaa madini ya chuma kwa sababu ya kunywa kwa miaka pombe iliyopikwa kwenye vyombo vya chuma. Na pipa lililobeba mafuta au dawa ya shamba halisafishiki. Tumieni sufuria za kawaida hata kama ni ndogo, na ndoo za plastiki zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula.

Nasikia pombe ya nyumbani inapofusha macho. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Kinachopofusha ni methanoli. Pombe ya nafaka ikichachuka inatoa methanoli kidogo sana isiyodhuru, na ya ndizi inatoa nyingi kidogo kuliko ya nafaka kwa sababu ya pektini ya tunda, lakini bado haifiki kiwango cha kumpofusha mtu. Maafa hutokea pale mtu anapoongeza methanoli ya viwandani kwenye kinywaji ili kiwe kikali na apate faida. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapoteza macho. Ukipika mwenyewe, unajua kila kilichoingia kwenye ndoo. Ukinereka, yaani ukichemsha pombe na kukusanya mvuke wake uwe kinywaji kikali, ndipo unapofungua mlango wa hatari nyingine: kuna moto, kuna kukusanya yale usiyoweza kuyapima, kuna sheria. Ndiyo sababu sifundishi gongo.

Nataka bia ya shayiri kama ya dukani. Na chupa zangu za jaribio la kwanza zilipasuka. (Msomaji, Nairobi)

Nairobi ina hali ya hewa nzuri kwa kazi hii, shukuru. Kwa lita tano tafuta kilo moja ya kimea cha shayiri kilichovunjwavunjwa, kisiwe unga. Huna kipimajoto? Kwa huko Nairobi, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, changanya vipimo viwili vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya bomba. Utapata kama nyuzi 70, na ukitia kimea joto litashuka kukaribia 65. Subiri saa moja, chuja, suuza kimea kwa maji ya moto, kisha chemsha maji hayo matamu kwa saa nzima na gramu 8 hivi za hopsi, maua yanayoleta uchungu na kuzuia baadhi ya bakteria. Poza, tia hamira ya bia, weka mahali penye nyuzi 18 hadi 22.

Chupa zilipasuka kwa sababu uliziba mapema. Povu kutulia si ushahidi kwamba sukari imekwisha. Tumia haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki: ikianza na 1.048 na kuishia 1.010, una bia yenye kilevi cha karibu asilimia 5. Lakini usomaji mmoja hautoshi. Kipimo kibaki pale pale kwa siku tatu, kwa kawaida baada ya wiki mbili, ndipo utie gramu 6 za sukari kwa kila lita na kuziba. Kipande cha chupa kinaweza kumtoa mtu jicho, kwa hiyo chupa za mwanzo ziwe za plastiki za soda. Ukibonyeza na ikawa ngumu, ipeleke kwenye friji.

Tuko Minnesota. Sheria inaruhusu? Na ulezi tunaupata wapi? (Mume na mke)

Sheria ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 inaruhusu nyumba yenye watu wazima wawili kupika hadi galoni 200 kwa mwaka, takriban lita 757, bila kodi, mradi hamuuzi. Kunereka nyumbani ni kosa la jinai. Ulezi nendeni kwenye maduka ya Wahindi, unaitwa *ragi*. Chukueni punje nzima, kwa sababu unga hauoti. Msesewe hamtaupata, wekeni hopsi kidogo. Na ndizi za dukani huko ni za kijani, ziacheni ndani mpaka maganda yawe na madoa meusi.

Machicha nayatupa? (Msomaji, Singida)

Wape kuku au ng'ombe siku hiyo hiyo, kabla hayajaoza, na kidogo kidogo ikiwa hawajazoea. Ile sira nzito iliyotulia chini ya ndoo ni hamira hai. Kama pombe ilitoka vizuri, chota kikombe, weka kwenye chupa iliyochemshwa, usikaze kizibo, ihifadhi kwenye friji. Ukiitumia ndani ya wiki moja, itaanzisha ndoo inayofuata.