Septemba 3 na Oliver Cromwell

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, Tanga. Nimeona Septemba 3 inajirudia kwa Oliver Cromwell, jemadari aliyekuja kuitawala Uingereza baada ya mfalme Charles I kukatwa kichwa: alishinda vita vya Dunbar, Uskoti, mwaka 1650, akashinda Worcester, Uingereza, 1651, akafariki 1658. Tena ndiyo tarehe Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani mwaka 1939. Mwenzangu anasema siku hiyo ina mkosi. Unasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkosi hapana. Tarehe zikigongana, jiulize kwanza nani alikuwa na uwezo wa kuichagua siku.

Dunbar haikuchaguliwa. Cromwell alikuwa amebanwa kati ya bahari na kilima cha Doon, askari wake wanaumwa. Waskoti, waliomuunga mkono Charles II, mwana wa mfalme yule, waliposhuka kilimani aliona upenyo, akawavamia alfajiri. Maelfu ya mateka waliswagwa kwa miguu hadi mji wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, wakafungiwa ndani ya kanisa kuu, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 2013 mifupa ya baadhi yao ilifukuliwa jirani na kanisa hilo. Naomba usiwaruke hao unapoandika insha. Vitabu vingi huishia kwenye ushindi.

Worcester ni habari nyingine. Cromwell alifika siku kadhaa kabla, akiwa na jeshi kubwa kuliko la Charles II. Alikusanya mashua za kutengenezea madaraja juu ya mito Severn na Teme, na wanahistoria wengi wanaamini aliisubiri makusudi kumbukumbu ya Dunbar. Charles, kijana wa miaka 21, alitoroka. Siku chache baadaye alijificha juu ya mwaloni huko Boscobel, ana mkate na jibini, askari wakimsaka chini. Mwaka 1654 bunge la kwanza la Cromwell lilikutana Septemba 3, na tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa kabisa ndani ya katiba yake.

Kifo chake ndicho kilichoangukia hapo chenyewe. Lakini maadui zake nao walijua kuchagua siku: mwaka 1661 walifukua maiti yake na kuitundika Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu London, Januari 30, tarehe ileile aliyokatwa kichwa Charles I mwaka 1649.

Kuhusu 1939, Ujerumani iliivamia Poland Septemba 1. Muda iliopewa na Uingereza wa kuondoa majeshi uliisha saa tano asubuhi ya tarehe 3, na dakika 15 baadaye waziri mkuu wa Uingereza, Chamberlain, akatangaza vita redioni. Tanganyika nayo ikaburutwa humo bila kuulizwa. Cromwell hahusiki.

Tena mwambie mwenzako kwamba hizo si siku moja. Enzi za Cromwell, Uingereza ilitumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa siku 10 nyuma ya hii yetu. Kwa hesabu ya leo Dunbar ilikuwa Septemba 13. Kalenda ilibadilishwa mwaka 1752: watu walilala Jumatano Septemba 2, wakaamka Alhamisi Septemba 14. Mwaka huo Uingereza haikuwa na Septemba 3.